Yuniti Ngapi kwa Kilo Moja?

Leo nataka tuzungumze kuhusu haidrojeni, gesi inayoweza kupatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme. Kazi hiyo wataalamu wanaiita elektrolisisi. Siku hizi inatajwa katika kila mkutano wa nishati barani Afrika, na mara nyingi inatajwa kwa sifa tupu. Mimi nataka tuzungumze gharama yake, yaani umeme inaoula na namna ya kuupunguza.

Mkulima wa Nyakiriba, hapa wilayani Rubavu nchini Rwanda, ana haki ya kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kupitia mfuko wa mbolea. Kwenye viazi anaweka NPK 17-17-17, kwenye mahindi anaweka urea, na hata akipata nafuu ya Nkunganire, mpango wa ruzuku wa serikali, bado mfuko unauma. Nitrojeni iliyo katika mbolea hizo inatokana na amonia, na amonia haitengenezwi bila haidrojeni. Sehemu kubwa ya haidrojeni ya mbolea duniani hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, katika nchi za mbali. Ndiyo maana bei ya gesi ilipopanda mwaka 2021 na 2022, mkulima wa viazi chini ya volkeno alilipa pamoja na kiwanda cha Ulaya, ingawa yeye hajawahi kuwasha gesi hiyo hata siku moja.

Tuchukue mfuko wa urea wa kilo 50. Kuutengeneza kunahitaji haidrojeni kilo 5 hivi. Mitambo mingi ya elektrolisisi inayouzwa leo hutumia yuniti 50 hadi 55 za umeme kwa kila kilo ya haidrojeni, ukihesabu na pampu na vifaa vyote vya pembeni. Nikisema yuniti nina maana ya yuniti ileile unayoingiza kwenye mita ya Cash Power, yaani kilowati-saa moja. Basi mfuko mmoja unahitaji yuniti zipatazo 260 kwa ajili ya haidrojeni peke yake. Nyumba inayotumia yuniti 15 kwa mwezi ingeishi kwa umeme huo karibu mwaka mmoja na nusu. Kwa bei iliyopangwa nchini Rwanda mwaka 2020, yuniti hizo za kwanza 15 za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja kabla ya kodi. Zidisha na 260: ni zaidi ya faranga 23,000, na hapo hujanunua mtambo, hujaitoa nitrojeni hewani, hujamlipa mfanyakazi.

Kwa hiyo anayekuja kutueleza habari za haidrojeni, swali la kumuuliza kwanza ni hili: yuniti ngapi kwa kilo?

Maji kuyapasua kwa umeme si jambo geni. William Nicholson na Anthony Carlisle walifanya hivyo London mwaka 1800, mara tu habari za betri ya Volta zilipowafikia. Mwaka 1834 Michael Faraday akatangaza kanuni ambayo mpaka leo hakuna aliyeivunja: kiasi cha gesi kinachotoka hulingana na kiasi cha mkondo wa umeme uliopita ndani ya maji. Ukitaka kilo moja ya haidrojeni, mkondo wake umeshapangwa na maumbile, na mhandisi hana la kujadiliana hapo. Anachoweza kujadiliana nacho ni volti, yaani msukumo unaotumika kuupitisha mkondo huo.

Wasikilizaji, hapa ndipo penye ufunguo wa somo zima, na hesabu yake ni nyepesi hata kwa mwanafunzi wa shule ya sekondari. Chukua volti za seli moja ya mtambo, zidisha kwa 26.6, utapata yuniti kwa kilo. Maji yanahitaji volti 1.48 kama nishati yote inatoka kwenye umeme. Zidisha: ni yuniti 39.4. Hiyo ndiyo nishati iliyofungwa ndani ya kilo moja ya haidrojeni, na hakuna fundi atakayeitoa kwenye maji kwa nishati pungufu ya hiyo, awe wa Kigali, Tokyo au Berlin. Lakini seli za viwandani hufanya kazi kwa volti 1.8 mpaka 2. Tofauti iliyobaki hugeuka joto lisilo na kazi. Na kila ukifanikiwa kupunguza sehemu moja ya kumi ya volti, umeokoa yuniti 2.66 kwa kila kilo.

Volti hizo za ziada zinapotelea wapi? Nyingi zinapotea upande wa oksijeni. Haidrojeni hutoka kwa urahisi, lakini oksijeni ni nzito kutoka, kwa sababu chembe mbili lazima zikutane na kuungana juu ya uso wa elektrodi, hatua baada ya hatua, na kila hatua inadai msukumo wake. Kinachosaidia ni kichocheo kizuri. Mitambo ya potashi kali, ambayo ndiyo ya zamani na imara, hutumia nikeli, madini yanayopatikana kwa wingi kiasi. Mitambo ya aina nyingine, ile ya kiwambo cha plastiki chenye asidi, hutegemea iridiamu, na iridiamu inayochimbwa duniani kote kwa mwaka haizidi tani chache. Kwa nchi kama zetu mimi naona nikeli ndiyo njia. Kifaa ambacho siri yake ni madini adimu kuliko dhahabu hakitatushukia bei.

Sehemu nyingine inapotea kwa sababu ya viputo. Gesi ikitoka hujishika kwenye elektrodi kama viputo, na penye kiputo umeme haupiti. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, walichapisha katika jarida la Nature Communications njia ya kuviondoa kabisa. Elektrodi haziogelei tena ndani ya maji. Maji hupanda taratibu kupitia kiwambo chembamba kilicho katikati yake, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kandili, na gesi hutoka upande wa pili ikiwa kavu. Seli yao ilitumia yuniti 40.4 kwa kilo, karibu kabisa na ile sakafu ya 39.4. Kampuni ya Hysata iliundwa ili kuipeleka kazi hiyo viwandani. Ilikuwa seli ya maabara, na kutoka maabara mpaka kiwandani ni safari ndefu, lakini namba hiyo inaonyesha kuwa ufujaji tuliouzoea si wa lazima.

Kuna njia nyingine ya kushusha volti ambayo haihitaji uvumbuzi wowote: endesha mtambo polepole. Ukipunguza mkondo kwenye kila sentimita ya elektrodi, volti zinashuka zenyewe. Ubaya wake ni kwamba utahitaji mtambo mkubwa zaidi kwa gesi ileile, yaani utaokoa kwenye umeme ulipe kwenye chuma. Penye umeme ghali na wa shida, mwendo wa polepole una faida. Wauzaji wengi hawalisemi hili, kwa kuwa mtambo mdogo unaokimbia ndio unaopendeza kwenye karatasi ya bei.

Sasa tuje kwenye mazingira yetu. Mto Sebeya unashuka kutoka milimani ukielekea ziwa Kivu, na umewekewa mitambo midogo ya umeme: Keya ya megawati 2.2, Gihira ya megawati 1.8, na ule mkongwe unaoitwa Gisenyi. Tuseme Keya ingefanya kazi mchana na usiku kwa nguvu zake zote na umeme wote uende kwenye elektrolisisi. Kwa yuniti 52.5 kwa kilo ungepata haidrojeni kama tani moja kwa siku, ya kutosha mifuko 200 ya urea. Kwa yuniti 41.5 ungepata ya mifuko zaidi ya 250. Mto haujaongezeka, lakini mifuko zaidi ya 50 imeongezeka kila siku kwa kupunguza upotevu tu.

Hesabu hiyo ni ya kufundishia, kwa maana umeme wa Keya una watu wake tayari, na Sebeya si mto mtulivu. Sote tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua na mafuriko yalipoua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na hapa Rubavu Sebeya ukazoa nyumba. Hata katika siku za kawaida mto huu hubeba udongo mwingi wa vilima vilivyopoteza miti, na mchanga huo hula mapanga ya mitambo. Anayepanda miti juu huko msituni Gishwati naye anazalisha umeme, ingawa hakuna mita inayomhesabia.

Lakini Rubavu ina kitu kingine ambacho miji mingi haina, nacho ni joto. Ziwa Kivu limehifadhi vilindini methani inayokadiriwa kilomita za ujazo 60, na hewa ukaa kama 300. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kutumia gesi ya ziwa hili miaka ya 1960. Kule Karongi, mtambo wa gesi wa KivuWatt unazalisha megawati 26 tangu mwaka 2016, na hapa kwetu Rubavu kampuni ya Shema Power imejenga mtambo wa megawati 56. Mitambo ya namna hii huchoma gesi kuzungusha jenereta, na hata ile bora kabisa hugeuza chini ya nusu ya nishati ya gesi kuwa umeme. Iliyobaki hutoka kama moshi wa moto na maji ya kupozea injini. Joto hilo huenda angani na ziwani bila kumfaa mtu.

Joto hilo lingeweza kuchukua nafasi ya umeme, na hili ndilo jambo ninalotaka lisikike leo kuliko mengine yote. Katika zile yuniti 39.4, kuna sehemu inayotumika kuyatoa maji katika hali ya umajimaji na kuyafanya mvuke. Kilo moja ya haidrojeni inatokana na kilo 9 za maji. Kuzichemsha kilo hizo 9 mpaka zote ziwe mvuke kunahitaji nishati ya yuniti 6 na nusu hivi. Ukiingiza mvuke uliokwisha kuchemshwa na joto la bure, umeme haubebi tena mzigo huo. Ipo mitambo inayopasua mvuke namna hiyo, yenye seli za kauri zinazofanya kazi kwenye nyuzi joto 700 hadi 850. Kampuni ya Bloom Energy ya Marekani, ambayo mwaka 2023 iliwasha mtambo wa megawati 4 kwenye kituo cha NASA cha Ames, California, imetangaza matokeo ya majaribio yaliyo chini ya yuniti 38 kwa kilo. Namba hiyo iko chini ya 39.4, lakini kanuni haijavunjwa. Deni limelipwa kwa fedha mbili, umeme na joto, na moja ya fedha hizo sisi tunaitupa kila siku.

Seli za kauri zina udhaifu wake. Huchoka mapema kuliko za potashi, na hazipendi kuwashwa na kuzimwa kila mara, kwa sababu kauri ikipoa na kupata moto tena na tena hupasuka. Zinachukiana na umeme wa jua unaokuja na kuondoka. Zinataka chanzo kisicholala, na mtambo wa gesi ya ziwa haulali. Jirani mwema kwa seli hizo kuliko huyo ni vigumu kumpata katika ukanda huu.

Kuna kosa moja ambalo ni lazima tulikwepe. Mtu asije akasema tuchome methani tupate umeme, halafu umeme huo tupasulie maji. Ukianza na sehemu 100 za nishati katika gesi, ukipata umeme sehemu 45, na elektrolisisi ikachukua chake, utabaki na haidrojeni ya sehemu thelathini na kitu. Ni kuitupa mali ya ziwa. Umeme wa kupasulia maji utoke mtoni, hasa saa za usiku mkubwa ambapo taa zimezimwa na maji ya mto yanapita tu. Kutoka kwenye mtambo wa gesi tuchukue joto peke yake.

Na kama nia ni kupata haidrojeni kutoka kwenye methani yenyewe, basi ipasuliwe moja kwa moja. Methani ina kaboni moja na haidrojeni nne, na kifungo chake ni chepesi kuliko cha maji: kwa kiasi kilekile cha haidrojeni, nishati ya kuipasua methani ni kama sehemu moja ya nane ya ile ya kuyapasua maji. Kaboni hubaki kama unga mweusi, kilo 3 kwa kila kilo ya haidrojeni, unga ambao viwanda vya matairi na wino huununua, na ambao hauruki kwenda kuongeza joto la dunia. Kazi hiyo inahitaji moto wa nyuzi zinazokaribia 1,000 au zaidi, na mabomba huziba kwa masizi, kwa hiyo viwanda vyake bado ni vichache duniani. Hata hivyo, kwa watu waliolala juu ya ziwa la methani, naona ajabu kwamba njia hii haizungumzwi mara nyingi kama elektrolisisi.

Kabla sijaendelea niwaonye kuhusu vifaa vinavyouzwa kwa madereva, vichupa vya maji vyenye nyaya, vinavyodaiwa kutoa haidrojeni kwa umeme wa betri ya gari na kupunguza mafuta ya petroli. Betri ile inachajiwa na injini ileile inayokula petroli. Nishati inayotumika kupasua maji ni kubwa kuliko ile utakayoipata ukiichoma haidrojeni hiyo, na injini nayo hupoteza sehemu kubwa ya kilichobaki. Marekani alikuwapo mtu aliyeitwa Stanley Meyer, aliyedai kuwa gari lake linatembea kwa maji. Wawekezaji wawili walimpeleka mahakamani Ohio, na mwaka 1996 mahakama ikaona ni ulaghai mkubwa, ikamwamuru awarudishie fedha zao. Mwendesha pikipiki wa Gisenyi anayetafuta faranga kwa jasho asiuziwe hadithi hiyohiyo katika chupa mpya.

Afrika ina kumbukumbu yake ya elektrolisisi kubwa, nayo inatufaa sana. Mjini Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha mbolea cha Sable Chemicals kilitoa haidrojeni kwenye maji kwa miongo kadhaa, kwa kutegemea umeme wa bei nafuu uliotokana na bwawa la Kariba. Mtambo ule ulikuwa miongoni mwa mikubwa duniani, ukimeza umeme wa karibu megawati 100. Umeme ulipoadimika na nafuu ya bei ikaondolewa, hesabu ikakataa. Mwaka 2015 mitambo ya elektrolisisi ikazimwa, na kiwanda kikawa cha kutegemea amonia inayoletwa kutoka nje. Mafundi wa Kwekwe walijua kazi yao barabara. Kilichowashinda ni idadi ya yuniti kwa kilo.

Jirani zetu wa Kenya walizindua mkakati wao wa haidrojeni mwezi Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi uliofanyika Nairobi. Karibu na Naivasha, kampuni ya Talus Renewables imeshirikiana na Kenya Nut Company katika mtambo wa amonia unaotumia umeme wa jua, uliokusudiwa kutoa tani moja kwa siku, shambani palepale mbolea inapotumika. Naupenda ukubwa wake. Mtambo wa tani moja kwa siku unaweza kupimwa, kurekebishwa na hata kushindwa bila kuizamisha nchi katika madeni.

Kwa hiyo ningependa tuanze kwa udogo kama huo. Kando ya mtambo wa gesi hapa ziwani iwekwe seli ya mvuke ya kilowati 100, ilishwe joto la moshi wa injini na maji yaliyochujwa sawasawa, kwa sababu maji ya Sebeya yakiingia na udongo wake yataiua seli kabla ya wiki kwisha. Kwa yuniti 40 kwa kilo, ingetoa haidrojeni kilo 60 kwa siku, ya kutosha mifuko 12 ya urea. Na kwa kila kilo ya haidrojeni hutoka kilo 8 za oksijeni, ambayo miradi mingi huiachia hewani. Hapo ni karibu nusu tani ya oksijeni kwa siku, ambayo ikisafishwa na kujazwa kwenye mitungi inaweza kuwafikia wagonjwa wa pande zote mbili za mpaka. Mahali ambapo oksijeni ina mnunuzi, hesabu ya haidrojeni inabadilika.

Chuo Kikuu cha Rwanda kina wahandisi, na vyuo vya ufundi vina vijana wanaotafuta kazi ya mikono yao. Wapewe mita tatu: ya umeme unaoingia, ya joto linaloingia, na ya gesi inayotoka. Wapime siku seli inapowashwa, wapime tena baada ya mwaka seli ikiwa imechoka, na namba zote mbili zibandikwe mahali ambapo mkulima wa Nyakiriba na mfanyabiashara wa Goma ng'ambo ya mpaka wanaweza kuzisoma. Zikiwa karibu na 40 mwanzo na mwisho, tuongeze seli ya pili. Zikipanda mpaka 55, tuifunge na tuigeukie methani yenyewe.